Kuruta wa polisi Marekani anajilipia ada chuo cha jamii: haya ni mafunzo au biashara?

#1 Msakatonge
Wakuu, habari zenu. Niko Texas, kitongoji cha Dallas. Mpwa wangu alikuja huku na mama yake akiwa na miaka 15, uraia akaupata kupitia kwa mama, sasa ana 22. Juzi kanipigia simu kwamba kaingia akademi ya polisi. Nikachinja kuku kabisa, nikijua kijana ameajiriwa.

Kumbe hajaajiriwa na mtu. Anasoma chuo cha jamii, kile kile cha miaka miwili wanakosomea watu uuguzi na ufundi wa viyoyozi. Ada analipa yeye. Sare, mabuti, mkanda, pingu za mazoezi, vyote mfukoni kwake. Akimaliza anafanya mtihani wa jimbo, na akifaulu bado leseni haipati mpaka idara fulani ikubali kumwajiri. Yaani anazunguka na vyeti kama mhasibu.

Mimi nimekulia Moshi, CCP, yaani chuo cha polisi, haikuwa mbali na kwetu. Makuruta tulikuwa tunawasikia alfajiri wanakimbia wanaimba. Serikali inawalaza, inawalisha, inawavisha. Kwa hiyo dai langu ni moja: hii ya Marekani ni biashara ya vyuo, basi. Anayebisha aje na hoja.

#2 Kaka_wa_Ubungo
Kwani huku Bongo hakuna wanaotoa hela ili waingie? Tofauti ni kwamba Marekani unapewa risiti.

#3 Afande_Mstaafu
Mimi nimepita depo Moshi zamani, wengi humu hamjazaliwa. Naunga mkono mtoa mada. Kuruta anayelala kwao, jioni anakula ugali wa mama yake, wikiendi yuko na mchumba, huyo nidhamu ataipata wapi? Watu wanadhani kwata ni mguu juu mguu chini. Kwata inakufundisha kutii amri kabla kichwa hakijaanza kubishana nayo. Siku ya ghasia hakuna muda wa semina.

#4 Mla_Bondo
Msakatonge, umeichukua Texas ukaifanya Marekani nzima.

Mimi nimepitia akademi ya chuo cha jamii hapa North Carolina, na sasa ni naibu wa sherifu kwenye kaunti ya mashambani. Jimbo hili lina vyuo vya jamii 58 na vingi vinatoa kozi hii, inaitwa BLET. Huingii hivi hivi. Chuoni kwetu ilibidi idara ya polisi au ofisi ya sherifu ikudhamini kwa maandishi, na ukishadhaminiwa ada inafutwa. Unabaki na gharama za vitabu, sare na vikorokoro. Ila kudhaminiwa sio kuajiriwa. Darasani kwetu wapo waliokuwa tayari wanakula mshahara wa idara zao, na wapo kama mimi tuliokuwa tunabeba mizigo ghalani usiku, asubuhi tuko darasani macho mekundu.

Kuhusu kwa nini chuo: nchi hii haina jeshi moja la polisi. Ina vyombo kama 18,000 vinavyojitegemea, na karibu nusu ya idara za polisi za miji zina askari wasiofika 10. Idara ya askari saba itajenga depo wapi, na itafundisha nani baada ya hao saba? Chuo cha jamii tayari kina madarasa, ukumbi wa mazoezi na eneo la maegesho la kuchezea magari. Idara zinaleta wakufunzi, jimbo linaleta mtaala na mtihani. Hakuna siri hapo.

#5 Kaka_wa_Ubungo
Askari saba! Wakiugua malaria wawili, mji umebaki kwa mgambo.

#6 Mtoro_wa_Pangani
Maelezo ya #4 yanatosha kwa leo, lakini hayaelezi mambo yalianzaje, kwa sababu idara ndogo zilikuwepo hata kabla ya vyuo hivi. Zamani kijana alikuwa anapewa beji na bastola, anaambatana na mzee wa kazi, basi.

Aliyeanza kusema polisi asome ni August Vollmer, mkuu wa polisi wa Berkeley, California. Alianzisha shule ya askari wake mwaka 1908. San Jose ikaingiza masomo ya polisi chuoni mwaka 1930. California ikaunda tume ya viwango vya mafunzo mwaka 1959. Lakini mlango ulifunguka kweli baada ya ghasia za miaka ya 60. Tume ya Rais Johnson ikaandika mwaka 1967 kwamba polisi wasomeshwe zaidi, mwaka uliofuata ikapitishwa sheria kubwa ya uhalifu, na serikali kuu ikaanza kumwaga pesa za kuwalipia askari masomo. Vyuo vya miaka miwili vikafungua vitengo vya polisi kila kona. Pesa ilitangulia, vyuo vikaifuata. Kwa hiyo Msakatonge hajakosea sana anaposema biashara, ila amekosea aliyeianza.

Na Afande, depo unayoisifu nayo ina historia yake. Mwingereza alipounda polisi Tanganyika na Kenya hakuleta mtindo wa London. Alileta mtindo wa Ireland: kambi, bunduki, kwata, askari akae mbali na raia. Kazi ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya watu. Kujitenga kambini kulikuwa ndiyo shabaha yenyewe.

#7 Afande_Mstaafu
Mtoro umesoma, nakubali. Ila hujasimama mbele ya watu mia tatu wenye mawe. Siku hiyo ungeomba Muireland yeyote awe karibu.

Halafu mnasema huko ni chuo cha raia. Mbona kwenye video nawaona wanasimama mstari, wanapiga saluti, wanafokewa usoni?

#8 Mla_Bondo
Hilo ni kweli. Jengo ni la chuo lakini ndani ni nusu jeshi. Kila asubuhi ukaguzi: kiatu king'ae, nyuzi za sare zisitokeze. Mmoja akikosea wote mnapiga pushapu. Kichekesho ni kwamba tulikuwa tunapiga paredi maegeshoni huku wanafunzi wa upishi wanapita na trei za keki. Unamuitikia mkufunzi "ndiyo bwana!" kwa sauti ya kupasua mbavu, na binti mwenye keki anacheka.

#9 Chemchemi
Niko karibu na Seattle. Jimbo la Washington halitumii vyuo vya jamii, kuna akademi ya jimbo lenyewe, makao yake Burien, saa 720. Nalitaja kwa sababu ya hoja ya Afande. Mwaka 2012 akademi ile ilipata mkurugenzi mpya, Sue Rahr, aliyekuwa sherifu wa King County. Kabla yake kuruta akikutana na mkubwa kwenye korido alitakiwa akakamae kama mti. Huyu mama akafuta. Akasema kuruta amtazame mtu usoni, amsalimie, aanzishe mazungumzo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi atakayokwenda kuifanya mtaani. Akawa anasisitiza polisi awe mlinzi, asiwe mpiganaji. Wapo wazee wa kazi waliokasirika sana.

Kwa hiyo suala sio chuo au depo. Suala ni anayeongoza anataka askari wa aina gani.

#10 Dada_Msusi
Samahani naingilia. Mimi ni msusi Charlotte, North Carolina. Leseni kamili ya saluni hapa ni saa 1,500 za darasani. Nilipoambiwa polisi ni saa 640 nikadhani nataniwa. Yaani mimi wa kuosha nywele na kuweka rangi nasoma zaidi ya mara mbili ya mwenye bunduki?

#11 Kaka_wa_Ubungo
Dada, wewe ukikosea mteja anaandika mtandaoni. Lazima usome.

#12 Mla_Bondo
Saa 640 ni mtaala wa zamani. Mpya ulioanza 2025 umevuka 800. Kitaifa, takwimu za Wizara ya Sheria za mwaka 2018 zinasema wastani ni saa 833, na kati ya makuruta 100 wanaoanza, 86 hivi wanamaliza. Na hesabu haiishi getini. Ukiajiriwa unapangwa na mkufunzi wa doria, unakaa naye gari moja wiki nyingi, kila zamu anakuandikia alama.

Lakini hoja ya Dada haijafa. Norway na Finland polisi anasoma miaka mitatu, anatoka na shahada.

#13 Makanga_Mstaarabu
Kenya tulijaribu kurefusha. Baada ya ripoti ya jopo la Ransley la 2009 kuhusu marekebisho ya polisi, mafunzo yalipandishwa kutoka miezi tisa hadi kumi na mitano, baadaye yakashushwa tena. Mimi sikuona karao wa miezi kumi na mitano akiwa mpole kuliko wa tisa. Muda pekee hausaidii kama hizo saa ni za kukimbia na gogo mabegani.

Swali kwa Mla Bondo: hizo saa mnafanya nini hasa?

#14 Mla_Bondo
Sheria ndiyo inakula muda mwingi: kukamata, kupekua, lini unahitaji hati ya mahakama na lini huhitaji. Halafu bunduki, kujihami, kuendesha gari kwa kasi, huduma ya kwanza, ajali za barabarani, ugomvi wa majumbani. Takwimu za 2013 zilionyesha wastani wa kitaifa wa saa 71 za silaha na 60 za kujihami.

Ila kilichonitoa jasho mimi ni kuandika ripoti. Niliandika kwamba mtuhumiwa "alikuwa mkali". Karatasi ikarudi na wino mwekundu: mkali vipi? Alikunja ngumi? Ya mkono upi? Alisema nini, kwa maneno yake? Alikuwa umbali gani na wewe? Andika alichofanya, usiandike ulichohisi. Mkufunzi huyo alikuwa mpelelezi mstaafu, mtaratibu, hafoki hata siku moja, na ndiye tuliyemwogopa kuliko wote. Akawa anatuambia ripoti hiyo ataisoma wakili wa utetezi mwaka mmoja baadaye, wewe umeshasahau hata sura ya mtu.

Mambo mengine ni ya mwili tu. Siku ya pilipili ya kupuliza wanakupulizia usoni, halafu macho yamefumba, kamasi zinatiririka, unatakiwa umdhibiti mtu na kumfunga pingu. Ukimaliza unakimbilia mpira wa maji. Usiku ukioga, maji yanaitoa pilipili kichwani inarudi machoni upya. Hilo halimo kwenye mtaala, ila hakuna anayelisahau.

#15 Afande_Mstaafu
Hapo kwenye ripoti nakupa heshima yako. Nimeona majalada yameanguka mahakamani kwa sentensi moja ya kivivu. PGO, kitabu cha kanuni za polisi, iko wazi, ila nani anaisoma.

#16 Mwana_Oakland
California tuna mtihani wa mwili ambao mtoa mada amwambie mpwa wake aujue hata kama yuko Texas. Unaruka vizuizi karibu mita 90, unaburuta sanamu la kilo 75 mita kama 10, unapanda uzio wa waya wa futi sita, halafu ukuta mgumu wa futi sita, mwisho unakimbia yadi 500. Kwenye uzio wengi wanapita. Ukuta ndio unawadhalilisha wanyanyua vyuma, kwa sababu hauna pa kushika, unahitaji mguu upige sawasawa na kiwiko kiwahi juu.

Na huku vyuo vya jamii vina madarasa ya jioni na wikiendi kwa wenye kazi zao, inachukua karibu mwaka. Umri wa chini sasa ni 21, ulipandishwa kutoka 18.

#17 Mpwa_wa_Shangazi
Kwa sisi wenye grini kadi, mlango upo au tuendelee kubeba maboksi?

#18 Mwana_Oakland
#17, California iliondoa sharti la uraia kuanzia Januari 2023. Ukiwa na kibali halali cha kufanya kazi unaweza kuomba. Majimbo mengi bado yanataka uraia, kwa hiyo soma masharti ya jimbo lako kabla hujalipa ada ya watu. Na kama una hukumu ya kumpiga mwenza wako, hata kosa dogo, sahau nchi nzima. Sheria ya serikali kuu ya 1996 inakunyima silaha, na polisi hawakuachwa nje ya hiyo.

#19 Nyar_Kisumu
Niko Brooklyn Park, Minnesota, Wakenya tumejaa. Binti ya dada yangu amepitia njia hii, na hapa mambo ni tofauti na yote mliyosema. Tangu miaka ya 70 Minnesota inataka elimu ya chuo ya miaka miwili kabla ya leseni ya polisi. Anasoma saikolojia, uandishi, sheria, halafu ndiyo mafunzo ya vitendo, halafu mtihani. Kwa hiyo mkisema elimu ndiyo dawa, njooni mtuambie basi ilikuwaje George Floyd afie Minneapolis, Mei 2020, kwenye jimbo lenye polisi waliosoma chuo. Na Daunte Wright, Aprili 2021, Brooklyn Center, jirani kabisa na kwangu. Askari wa miaka 26 kazini alishika bastola akidhani ni Taser, ile bunduki ya shoti ya umeme.

Mimi sina jibu. Ila nikisikia mtu anasema "wasomeshwe tu" nachoka.

#20 Mtoro_wa_Pangani
Nyar Kisumu umegusa penyewe. Kwenye kesi ya Floyd angalieni nani alikuwa mwalimu. Derek Chauvin, askari aliyemuua Floyd, alikuwa mkufunzi wa doria, na mmoja wa wale askari wawili wageni kazini, Kueng, alikuwa chini ya mafunzo yake. Mwenzake Lane, naye akiwa na siku chache kazini, aliuliza kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Maana yake alichofundishwa akademi kilikuwemo kichwani. Chauvin akakataa, na mgeni akanyamaza. Wote wawili wakahukumiwa mwaka 2022.

Mfumo wa mkufunzi wa doria ulianzia San Jose mwanzoni mwa miaka ya 70, baada ya askari mgeni kusababisha ajali iliyoua mtu. Ulibuniwa kurekebisha mapungufu ya akademi. Sasa wapo wanaosema ndiyo mahali akademi inapofutwa.

#21 Afande_Mstaafu
Na huyo Lane angefanya nini? Ampige mkubwa wake?

#22 Chemchemi
Afande, wewe ndiye uliyesema kwenye #3 kwamba kuruta afundishwe kutii amri kabla kichwa hakijabishana. Lane alitii.

#23 Afande_Mstaafu
Amri halali, binti. Tofauti hiyo hata depo tulifundishwa. Usinikate maneno.

#24 Uvira_Ziwani
Jambo kwenu wote. Miye ni Mkongo, niko Grand Rapids, Michigan. Nilipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi. Hapa chuo cha jamii cha mji kina akademi ya polisi, kwa hiyo mada hii ni ya nyumbani kwetu.

Patrick Lyoya alikuwa mtu wetu. Tarehe 4 Aprili 2022 polisi alisimamisha gari lake kwa sababu namba ya gari haikulingana na gari. Patrick akatoka ndani ya gari. Polisi akamwambia rudi ndani. Wakaongea kidogo, akakimbia, wakakamatana, wakagombania Taser, mwisho akapigwa risasi ya kisogo akiwa amelala kifudifudi. Alikuwa na miaka 26. Baba yake alizungumza na waandishi kwa Kiswahili, na mkalimani pembeni. Kesi ya yule askari mwaka 2025 baraza la wazee wa mahakama halikukubaliana, na mwendesha mashtaka akasema hatarudia.

Sasa nisikilizeni. Kwetu Congo, polisi akikusimamisha unashuka. Unamwendea na karatasi zako mkononi, unamsalimia. Kubaki umekaa ndani ya gari ni dharau, kama vile unataka yeye akufuate. Miye mwenyewe nilipofika hapa nilishuka, polisi akaruka nyuma mkono kiunoni. Sikujua nimefanya kosa gani. Tangu wakati ule nawafundisha batu bote wapya kanisani: kaa, mikono juu ya usukani, washa taa ya ndani kama ni usiku.

Kwa nini kujifunza kuwe ni kwetu peke yetu? Hao makuruta wana saa ngapi za kuambiwa kwamba mtu anayeshuka kwenye gari anaweza kuwa anakupa heshima?

#25 Mla_Bondo
Uvira, pole sana ndugu yangu.

Nitakujibu ninavyojua. Akademi tulifundishwa kwamba mlango wa dereva ukifunguka, hatari imeanza. Na hufundishwi kwa maneno tu. Wanazima taa, wanawasha video. Ile ya Kyle Dinkheller, naibu wa sherifu wa Georgia aliyeuawa Januari 1998, wengi wetu tumeiona. Dereva alishuka, akacheza cheza barabarani, akakataa amri, mwisho akatoa bunduki garini. Sauti ya yule kijana hainitoki. Baada ya hapo mnaletwa maegeshoni usiku, gari limewekwa taa, unalisogelea, unagusa buti kwa kiganja ili alama zako zibaki, unaangalia kiti cha nyuma, ndipo unafika dirishani. Mwigizaji ndani anaweza kuwa na leseni mkononi au bastola ya plastiki. Ukichelewa unaambiwa umekufa.

Tulikuwa na somo la tamaduni pia. Lilikuwa alasiri moja, baada ya chakula. Mtu wa kushuka garini kwa heshima hakutajwa. Siku hizi mimi huwaambia askari wapya kwenye gari langu, ila hilo ni mimi na hao ninaokaa nao.

#26 Makanga_Mstaarabu
Hii ya kushuka ni kweli hata Kenya. Dereva wa matatu anashuka kabla gari halijasimama. Ingawa tukiwa wakweli, yule hashuki kwa heshima, anashuka ili maongezi yafanyike nyuma ya gari.

#27 Kaka_wa_Ubungo
Na kiganja kinagusa kiganja, sio buti.

#28 Dada_Msusi
Mnacheka lakini mimi hiyo ya #24 imenikaa. Nina wadogo zangu wawili wanaendesha, hakuna aliyewahi kuwaambia.

#29 Nyar_Kisumu
Binti yetu anasema darasani kwao waliletwa Wasomali na Wahmong, wale wahamiaji wa kutoka Asia, kuzungumza na makuruta. Wengine walisikiliza, wengine walikuwa na simu chini ya meza. Mkufunzi akaona, akanyamaza. Hapo ndipo ninapokubaliana na Chemchemi kuhusu anayeongoza.

#30 Msakatonge
Asanteni. Sijabadilika sana. Mla Bondo anasema ni udogo wa idara, Mtoro anasema ni pesa za miaka ya 60, Chemchemi anasema ni uongozi. Lakini ada anaendelea kulipa mpwa wangu, na Texas ina kaunti 254, kila moja na sherifu wake aliyepigiwa kura. Hakuna hata mmoja aliyemwahidi chochote.

#31 Mtoro_wa_Pangani
Geuza upande wa pili. Kuruta aliyejilipia hadaiwi na mtu. Akiona idara ina harufu mbaya anapeleka vyeti kaunti ya jirani. Wa Moshi anaenda wapi?

#32 Afande_Mstaafu
Anaenda anakopangiwa. Mimi nilipangiwa Tunduru nikiwa sijui hata iko upande gani, na nikaipenda. Mtu akichagua mwenyewe, Tunduru atakwenda nani?

#33 Msakatonge
Kuna jambo jipya, naomba msaada. Kijana amepata idara inayomtaka akimaliza, sasa wako kwenye uchunguzi wa historia yake. Fomu ni nene. Kila kazi aliyofanya, kila anwani ya miaka 10 iliyopita na jina la jirani. Wamempigia simu mpaka aliyekuwa mchumba wake. Tatizo ni anwani: hapo nyuma aliishi na bibi yake Mbezi Makabe. Mpelelezi anataka namba ya nyumba na jina la mtaa.

#34 Kaka_wa_Ubungo
Andika: shuka kituo cha mwisho, panda bodaboda, ulizia kwa Mama Ashura muuza mkaa. Mpelelezi akifika kwa Mama Ashura atapata historia yake yote, na ya ukoo wenu.

#35 Mla_Bondo
Asibuni namba. Huenda wakampima na mashine ya uongo baadaye, na kwenye uchunguzi huu namba iliyobuniwa inaua ombi haraka kuliko namba iliyokosekana. Aandike jina la eneo, kata, wilaya, na maelezo kwamba nyumba hazikuwa na namba. Mimi nilichora ramani kwa mkono nikaiambatanisha. Mpelelezi wangu alicheka, akaipokea.

#36 Makanga_Mstaarabu
Si Tanzania mliweka vibao vya anwani za makazi mwaka 2022?

#37 Msakatonge
Viliwekwa, ila yeye alishaondoka. Na bibi kibao chake alikitundika jikoni kisiibiwe.

Nimeshaomba barua serikali ya mtaa, imekuja kwa WhatsApp na muhuri wake. Mpelelezi ameisoma, sasa anauliza huyu mwenyekiti wa mtaa aliyesaini ni mtumishi wa serikali, mchungaji au mwenye nyumba. Nimjibuje?

#38 Kaka_wa_Ubungo
Mwambie ni meya, ila ofisi yake iko barazani kwake, na Ijumaa hapatikani.